Kusafisha mwili bila kuharisha: mwongozo wa chakula na afya ya mwanamke katika tiba ya Kichina

Pakiti ya chai niliyonunua miaka kadhaa nyuma ilikuwa na picha ya joka jekundu na maandishi ya Kichina ambayo muuzaji mwenyewe hakuweza kunisomea. Aliniambia tu kwamba inasafisha tumbo, inasafisha kizazi na inatoa sumu. Nilikunywa siku nne. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya choo, mashavu ya miguu yamekakamaa na moyo unakwenda mbio. Baadaye mtu anayesoma Kichina alinitazamia ile pakiti. Kiungo cha kwanza kiliandikwa fan xie ye, maana yake jani la kigeni la kuharisha. Ni sanamaki. Ni jani lile lile ambalo bibi yetu alikuwa akituchemshia tukifunga choo, nusu kikombe, mara moja, na hapo hapo anakataza lisirudiwe.

Wachina wenyewe, basi, wanaliita jani la kigeni. Nilipoanza kujifunza tiba yao kwa utaratibu nikaona kwamba yale niliyouziwa kwa jina la China hayafanani na yale ambayo mama wa Kichina anafanya jikoni kwake. Yeye akitaka kusafisha mwili hapiki haluli. Anapika uji. Mwongozo huu ni wa kufuata njia hiyo ya jikoni, hatua kwa hatua, kwa mwanamke anayetaka tumbo jepesi, hedhi yenye utaratibu na nguvu za kutosha.

Kwanza, nani asianze

Chakula hakichukui nafasi ya uchunguzi. Nenda hospitali kwanza kama unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, kama hedhi inapita siku 7, kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa au kati ya hedhi na hedhi, kama umeshakoma hedhi kisha damu ikarudi hata kwa tone, au kama maumivu ya nyonga yanakulaza kitandani. Hedhi iliyochelewa ianze na kipimo cha mimba. Maumivu makali ya upande mmoja huku hedhi imechelewa ni jambo la siku hiyo hiyo, si la kesho.

Pima damu pia. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Kwa mjamzito kipimo ni 11. Nimewaona wanawake wakitafuta dawa ya kutoa sumu kwa sababu wamechoka, wana kizunguzungu na nywele zinakatika, kumbe walichokosa ni madini ya chuma. Mtu wa namna hiyo hana cha kutoa. Ana cha kuongeza.

Wengu wa Wachina si ule wa hospitali

Ukisoma kitabu chochote cha tiba ya Kichina utakuta neno pi, ambalo hutafsiriwa kuwa wengu. Usifikirie ile nyama iliyo ubavuni kushoto. Wanalitumia neno hilo kwa kazi nzima ya kukigeuza chakula kuwa qi, yaani nguvu hai, na damu. Tumbo ni chungu, wengu ndio unaopika na kugawa, na figo ni moto ulio chini ya chungu. Ukimimina maji ya barafu chunguni, moto unahangaika. Ukijaza chakula kizito, cha mafuta na sukari, kinabaki nusu kimeiva, na hayo mabaki ndiyo wanayoyaita shi, unyevunyevu: tumbo kujaa, mwili kuwa mzito asubuhi, choo cha kunata, ute mwingi ukeni.

Watu wa Pwani wanaijua lugha ya vyakula vya baridi na vya joto. Ilifika kwetu kwa njia nyingine, kupitia tiba ya Kiyunani iliyoletwa na Waarabu, lakini bibi wa Lamu akimwambia mzazi aepuke vya ubaridi, mkunga wa Kichina atamwelewa bila mkalimani.

Kwa mwanamke, tiba hii inaitazama damu kabla ya kitu kingine. Huangdi Neijing, kitabu cha zaidi ya miaka 2000, kinahesabu maisha yetu kwa saba saba: meno na nywele katika miaka 7, hedhi katika 14, mwili kufikia kilele chake katika 28, uso kuanza kufifia katika 35, na hedhi kukoma katika 49. Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang, aliziweka dawa za wanawake mwanzoni mwa mkusanyo wake wa karne ya 7, na katika kitabu hicho hicho akawaagiza matabibu wajaribu kutibu kwa chakula kwanza, chakula kikishindwa ndipo watumie dawa. Mpangilio huo ndio ninaoufuata hapa.

Ugomvi wa zamani juu ya kuharisha

Hili linafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu biashara yote ya "kutoa sumu" imesimama juu yake.

China iliwahi kuwa na mabingwa wa kuharisha. Mkubwa wao ni Zhang Congzheng, aliyefariki mwaka 1228. Aliamini ugonjwa ni kitu cha nje kilichoingia mwilini, kwa hiyo kitolewe: kwa jasho, kwa kutapika au kwa kuharisha. Lakini hata yeye aliweka mpaka ulio wazi. Dawa kali ni za kuupiga ugonjwa. Kuujenga mwili ni kazi ya chakula. Hakuwaharisha watu wenye afya ili wapendeze.

Miaka michache baada ya kifo chake, mwaka 1232, mji wa Kaifeng ulizingirwa na Wamongolia. Mzingiro ulipolegea watu walianza kufa kwa wingi, na maiti zikawa zinatolewa kila siku katika malango ya mji. Matabibu wengi waliona homa, wakawapa dawa za kutoa jasho na za kuharisha. Tabibu mmoja aliyekuwapo, Li Gao, aliona jambo jingine: hawa watu walikuwa wamekaa muda mrefu na njaa, hofu na kazi ngumu, chungu chao kilikuwa kimepoa, na dawa ya kuharisha iliwamalizia kile kidogo walichobakiza. Kutokana na hayo aliandika kitabu juu ya wengu na tumbo, kikakamilika mwaka 1249, na tangu hapo sehemu kubwa ya tiba ya Kichina inamfuata: kabla ya kutoa chochote, angalia kama mgonjwa ana akiba ya kutosha.

Sasa mfikirie mwanamke wa leo anayelala saa sita usiku, anayeruka kifungua kinywa, anayenyonyesha au anayemwaga damu siku 6 kila mwezi. Mfikirie anakunywa sanamaki wiki mbili.

Sayansi ya kisasa inamuunga mkono Li Gao kwa lugha yake. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula huwa kimeshafyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, si mafuta. Ndiyo maana mizani inashuka kilo mbili na kupanda tena baada ya siku tatu. Ndiyo maana miguu yangu ilikakamaa. Na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha sana kunaweza kuvipunguzia nguvu.

Hatua ya 1: Jisome wiki moja

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari, kila asubuhi kabla ya chai na kabla ya mswaki simama penye mwanga wa dirisha utazame ulimi wako. Rangi yake, utando wake, na kingo zake: je, zina alama za meno kama ukingo wa kitumbua kilichobanwa? Andika choo (mara ngapi, kigumu au cha kunata), mikono na miguu (baridi au moto), usingizi, na kiu: unatamani maji ya baridi au ya vuguvugu?

Hedhi ikiwa imeangukia wiki hiyo, andika rangi, mabonge, siku, na maumivu yalikuja lini. Kisha tazama wewe unakaribia sura ipi kati ya hizi. Wengi wana mbili.

Aliyepoa: ulimi umepauka, miguu baridi, maumivu ya hedhi yanayotulia akiweka chupa ya maji moto, damu nyeusi yenye mabonge madogo.

Aliyepungukiwa damu: uso na midomo imepauka, kizunguzungu akisimama, hedhi chache na nyepesi, usingizi wa mang'amung'amu. Huyu ndiye hasa wa kupimwa.

Mwenye unyevunyevu: ulimi mnene wenye utando mzito, tumbo kujaa baada ya kula, uzito wa mwili mzima, choo cha kunata.

Aliyekwamwa na qi: matiti kuuma na hasira za karibu kabla ya hedhi, kooni kama kuna kitu kimekaa, choo kinachobadilika badilika, kushusha pumzi kila mara. Wachina wanasema ini limezibwa, kwa sababu kwao ini ndilo linaloachia mambo yapite.

Yupo pia mwenye joto: kiu, vidonda vya mdomo, chunusi, hedhi nyingi nyekundu sana inayowahi. Huyu asibebwe na ushauri wa tangawizi unaotolewa kwa kila mtu. Tangawizi si yake.

Hatua ya 2: Rudisha moto chini ya chungu

Kwa siku saba zinazofuata fanya mabadiliko haya, ambayo hayagharimu kitu. Kula kifungua kinywa cha moto ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka. Acha maji ya barafu, soda ya friji na maziwa baridi. Kunywa maji ya vuguvugu. Mboga mbichi zipungue, zile zilizopikwa kidogo ziongezeke. Matunda yaliwe mchana, yasiliwe usiku wala kutoka kwenye friji. Chakula cha jioni kiwe kidogo na cha mapema. Wachina wana kipimo chao, shiba ya sehemu saba kati ya kumi: unaacha pale ambapo ungeweza kuendelea, na baada ya nusu saa unagundua umeshiba.

Kula umekaa. Anayekula huku anagombana na simu anaunganisha matatizo mawili, wengu na ini.

Kwa wengi wiki hii peke yake inatosha kupunguza tumbo kujaa, na ningekuomba usiiruke kwa haraka ya kufika kwenye "usafishaji".

Hatua ya 3: Uji wa wali

Kichina unaitwa zhou. Haufanani na uji wetu wa unga, kwa sababu hapa punje nzima inapikwa mpaka ipasuke yenyewe na maji yageuke kuwa kama tui.

Osha kikombe 1 cha mchele, uloweke nusu saa. Chemsha vikombe 10 vya maji kwanza, kisha ndipo utie mchele. Ukianza na maji baridi utashika chini. Ukirudi kuchemka koroga kwa kuzungusha upande mmoja, ukikwangua chini ya sufuria kwa mwiko, dakika tano hivi. Punguza moto mpaka uso wa uji uwe unatetemeka tu. Weka mfuniko uliopishwa kidogo, la sivyo utafurika na kuzima jiko. Saa moja hadi saa moja na nusu, ukikoroga kila dakika kumi. Mkaa uliokaribia kuwa majivu unaupika vizuri kuliko gesi.

Utajua umeiva kwa macho. Punje zimefunguka kama maua madogo, maji na mchele havitengani tena, na ukiuacha dakika tano unafanya juu yake utando mwembamba unaong'aa. Utando huo una jina lake, miyou, mafuta ya mchele, na ndio wanaompa mtoto mdogo na mgonjwa aliyeamka kitandani. Usiukorogee ndani. Ule kwanza.

Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han aliyeandika karibu mwaka 200, alimwagiza mgonjwa wa mafua akimaliza dawa yake anywe uji mwepesi wa moto juu yake, ajifunike, na asiguse vitu vibichi, baridi wala vya mafuta. Sisi nasi tuna desturi ya kufungua saumu kwa tende na uji wa moto kabla ya mlo mzito. Chungu kilichokaa kitupu kinapashwa taratibu.

Ongeza kulingana na daftari lako. Aliyepoa atie vipande vitatu vinne vya tangawizi mbichi katika dakika ishirini za mwisho. Aliyepungukiwa damu atie kunazi kavu tano au sita zilizotolewa kokwa. Wachina wanatumia hongzao, ndugu wa kunazi zetu. Tende pia zinafaa. Pembeni ale yai. Mwenye unyevunyevu apike mchele nusu na choroko au maharage madogo mekundu nusu, na apunguze sukari mpaka iishe. Aliyekwamwa na qi atie kipande cha ganda la chenza lililokaushwa, ukubwa wa kidole gumba. Ganda hilo, chenpi, ni dawa yenye heshima kubwa; la Xinhui, mkoani Guangdong, linahifadhiwa miaka mingi kabla ya kuuzwa. La nyumbani lioshe vizuri sana kabla ya kulianika. Mwenye joto atumie choroko bila tangawizi. Kwa wote wenye tumbo dhaifu, kiazi kikuu kilichokatwa vipande vidogo ni mbadala mzuri wa shanyao ya Wachina; ni viazi vya ukoo mmoja.

Uji uliobaki usilale mezani. Upoze, uweke kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho uchemshe hasa, si kupasha tu, kwa sababu wali uliokaa kwenye joto hukuza bakteria wanaoharisha.

Hatua ya 4: Siku tatu nyepesi

Huu ndio usafishaji wenyewe. Mara moja kwa mwezi inatosha, na siku nzuri ni zile zinazofuata wiki ya kwanza baada ya hedhi kuisha, ukiwa umeshakula vizuri siku chache.

Usifanye kama una mimba, unanyonyesha, uko ndani ya hedhi nzito, una kisukari cha insulini au vidonge, uzito wako uko chini, au umewahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula.

Asubuhi: bakuli kubwa la uji wa wali na nyongeza yako. Saa nne, maji ya vuguvugu yenye ganda la chenza. Mchana: wali laini, choroko zilizopikwa mpaka zikapasuka, mboga za majani zilizochemshwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, na boga au karoti. Jioni, kabla ya saa moja usiku: uji tena, mwepesi zaidi, na mboga kidogo. Ukisikia njaa ya kweli katikati, kula. Hakuna nyama ya kukaanga, maziwa, sukari, pombe, vyakula vya pakiti. Chumvi kidogo. Tembea dakika 30 kila siku na ulale kabla ya saa nne usiku.

Siku ya pili huwa ngumu kwa wanaoacha kahawa ghafla, kichwa kinauma; punguza kahawa polepole wiki moja kabla. Siku ya tatu huenda ukaona ulimi umebadilika, utando umepungua. Choo kinapaswa kuwa kimoja, laini, chenye umbo. Ukiharisha, simamisha, hicho si kipimo cha mafanikio. Siku ya nne rudisha mayai na samaki, ya tano nyama.

Jioni za siku hizi Wachina hupenda kuosha miguu. Beseni ya maji ya moto unaoweza kuuvumilia kiwiko chako, yanayofika juu ya vifundo, dakika 15 hadi 20, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Toa miguu jasho jepesi likianza kwenye paji la uso. Mwenye kisukari chenye ganzi ya miguu asifanye. Ataungua bila kujua.

Hatua ya 5: Kula kwa kufuata mwezi

Siku za hedhi ni siku za joto na utulivu. Chemsha vikombe 2 vya maji na vipande vitano vya tangawizi dakika 10 hadi 15, tia kijiko kimoja cha sukari guru, kunywa polepole siku mbili za kwanza. Tafiti ndogo kadhaa zimeonyesha tangawizi ikipunguza maumivu ya hedhi, hivyo hapa bibi na maabara wanakutana. Mwenye hedhi nzito na joto jingi aiache, na mwenye kisukari aiondoe sukari.

Baada ya hedhi ndipo unapojenga, na hapa nitasema kitu ambacho vitabu vya urembo wa Kichina havisemi. Kunazi nyekundu na zile beri nyekundu za goji zina sifa ya kuongeza damu, lakini kwa kiasi kinacholiwa, madini ya chuma unayopata ni kidogo. Zitumie kama nyongeza. Damu yako itatoka kwenye nyama nyekundu, dagaa, maharage, kunde, na mboga za majani pamoja na kitu chenye uchachu kama ndimu. Maini ni mazuri kwa asiye na mimba. Mjamzito ayaepuke kwa sababu ya vitamini A nyingi. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya mlo, kwani inazuia chuma kufyonzwa. Ufuta mweusi uliokaangwa kidogo na kusagwa, kijiko kimoja kwenye uji, unafaa kila siku.

Wiki ya kabla ya hedhi ni ya ini. Punguza chumvi na pombe, tembea zaidi, kunywa chai ya majani ya mnanaa au maua ya waridi makavu. Kama hasira na huzuni ya wiki hiyo inavunja nyumba au kazi yako, mwone daktari. Ni hali inayotibika.

Mwezi wa uzazi

Wachina wanaita zuo yuezi, kukaa mwezi. Sisi tunakaa arobaini. Mzazi anakula vya moto: kaskazini mwa China uji wa nafaka ndogo ya manjano iitwayo xiaomi, pamoja na mayai na sukari guru, Guangdong mayai na tangawizi nyingi katika siki nyeusi tamu.

Supu ninayoipenda ni ya Zhang Zhongjing, aliyoiandika kwa maumivu ya tumbo ya baridi na ya baada ya kujifungua: nyama, tangawizi na mzizi wa danggui. Neno yang la Kichina linabeba kondoo na mbuzi pamoja, kwa hiyo mbuzi wetu haendi kinyume na kitabu. Chemsha nusu kilo ya nyama ya mbuzi, mwaga povu la kwanza, tia gramu 30 za tangawizi, acha kwenye moto mdogo saa mbili. Danggui nimeitoa kwa makusudi, na sababu iko chini.

Mila nyingine ziachwe. Kumfungia mzazi kwenye chumba kisicho na hewa na mablanketi wakati wa joto ni hatari. Madaktari wa China wenyewe wanaionya jamii juu ya hilo. Aoge maji ya moto, anyanyuke atembee, kwa sababu kulala tu kunagandisha damu miguuni. Homa, damu inayoongezeka badala ya kupungua, harufu mbaya au mguu mmoja kuvimba: hospitali.

Kuelekea hamsini

Hapa, hedhi inapokaribia kukoma, moto ni mwingi kuliko maji. Punguza pilipili, pombe na kahawa ya jioni. Ongeza ufuta, soya na bidhaa zake, samaki, choroko. Vipindi vya joto vikikukosesha usingizi, zipo tiba za hospitali zinazofanya kazi, na kuzitumia hakupingani na uji wako.

Kizazi hakisafishwi kwa kuingiza vitu

Vipo vidonge vya duara vilivyofungwa kwa kitambaa, vinauzwa mtandaoni kama dawa ya Kichina ya kusafisha kizazi. Unaingiza ukeni, unakaa navyo siku kadhaa, kisha unatoka uchafu mwingi na unaambiwa hiyo ndiyo sumu. Dada, ule ni ute wa mwili unaojitetea na ngozi ya ndani iliyochubuka. Uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi na kujisafisha wenyewe. Kitu kinachokaa ndani siku kadhaa kinaleta maambukizi. Hali hiyo ni ya kujifukiza na kujiosha ndani pia. Uchafu wenye harufu, muwasho au rangi ya kijani unahitaji kipimo, kisha dawa yake.

Ukinunua dawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki moja ya kupunguza uzito huko Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi uliokusudiwa unaitwa han fangji. Uliowekwa ulikuwa guang fangji, mmea wa jamii nyingine kabisa, wenye asidi ya aristolokia. Mwaka 1993 madaktari walitoa taarifa ya kwanza: figo za wanawake hawa zilikuwa zinakauka. Zaidi ya 100 waliathirika, wengi wakahitaji mashine au figo mpya, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Walikwenda kupungua, wakiwa na afya.

Ndiyo maana ninatenganisha jikoni na duka la dawa. Tangawizi, choroko, mchele na ganda la chenza ni vyako kuvitumia. Danggui, dahuang (mzizi wa kuharisha) na michanganyiko mingine ni ya mtu aliyesomea, akutazame wewe mwenyewe. Danggui haifai kwa mjamzito wala kwa anayemwaga damu nyingi, na inagongana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mzizi wa urukususu ukitumiwa siku nyingi unapandisha presha na kushusha potasiamu. Chai na vidonge vya kupunguza mwili vimekamatwa mara nyingi vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo, bila kuandikwa kwenye boksi. Kinywaji cha mitishamba kinachokata njaa kabisa ndani ya siku moja na kukukosesha usingizi kisiendelee kunywewa.

Tabibu umuulize amesajiliwa wapi; Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize kila kiungo kwa jina lake la kisayansi, si la Kichina peke yake. Kama hajui, ondoka. Ukishaanza dawa yoyote na ukaenda hospitali kwa jambo lolote, ipeleke pakiti yenyewe mkononi, usitaje jina tu. Wale wa Brussels waliponzwa na majina mawili yanayofanana.